Tangazo la Kifaransa

Georgette alikuwa ameshika kalamu juu ya mstari wa mwisho: Nimetafuta fundi hapa nchini, sikumpata. Akitia sahihi, angeruhusiwa kuleta mtaalamu kutoka ng'ambo kutengeneza mashine za kiwanda chake cha barafu, hapa Baraka, mashariki mwa Kongo.

"Tangazo limekaa ukutani siku makumi tatu," alisema afisa wa kazi, aliyekuja kiwandani na muhuri mkononi. "Hakuna mutu alikuja. Tia sahihi tu, mama."

Mlangoni alisimama mama mmoja wa kijiji jirani cha Lweba, muuza samaki. Wiki nzima alikuwa akija kutafuta barafu na kurudi na beseni tupu.

"Mama Georgette, ile karatasi ya ku ukuta inasema nini? Kifaransa mi sijui. Nilisoma Tanzania, mu kambi ya bakimbizi."

"Tunatafuta fundi wa mashine ya barafu."

Yule mama aliweka beseni chini, akakunja mkono wa blauzi. Kuanzia kifundo hadi kiwiko, kovu jeupe lilimetameta kama ngozi iliyopigwa pasi.

"Gesi ya friji iliniunguza mwaka wa kwanza. Kisha nikatengeneza friji za dawa za kambi miaka tisa. Haikuniunguza tena."

"Huyu iko na diploma?" aliuliza afisa.

Georgette alifunika kalamu.

"Mashine ziko nyuma," alimwambia yule mama. "Utaanza na ile ilikufa, ama ile ya kelele?"

"Ya kelele." Alikuwa amekwisha kuingia. "Inalilia mafuta. Wiki nzima naisikia toka barabarani."