Nusu kwa Kila Saa Sita

"Usisogee, Mama Alliance. Ukisogea, namba itadanganya."

Saa nane mchana Kasereka alisimama mlangoni mwa chumba, hatua mbili kutoka kitanda, akamwelekezea mke wake, Masika, kipimo cha miale. Elfu mbili mia nne. Akaandika daftarini, akafunga mlango.

Saa mbili asubuhi, katika hospitali ng'ambo ya mpaka, Masika alikuwa amechomwa dawa ya kupigia picha uvimbe wa shingo. Viini vya dawa hiyo hubeba nguvu ya ziada na kuitoa kwa miale ya gama. Kila baada ya saa sita, nusu yake huwa imetulia. Kasereka amefundisha hayo miaka kumi na moja kwa chaki tupu. Leo, kipimo cha kuazima mkononi, hakuona raha yoyote. Daktari alikuwa amekataza: Masika asimnyonyeshe mtoto wala kumbeba hadi kesho asubuhi, kwa kuwa dawa huingia kwenye maziwa.

Na Alliance, mwenye miezi minne, alikuwa sebuleni akilia, akiisukuma chupa ya maziwa.

"Biberon anaikatala tena?" Masika aliuliza nyuma ya ukuta wa mbao.

"Anaikatala."

"Papa Alliance, maziwa inaniuma. Namusikia mutoto wangu, nifanye nini?"

"Vumilia. Miye pia nimechoka."

Alikuwa amechoka kwelikweli. Tangu alfajiri ni foleni ya mpaka, pikipiki, nepi, kilio. Alimlaza mtoto mkekani, akaegemea ukuta afumbe macho dakika moja tu.

Alishtuka saa kumi. Nyumba kimya. Alliance amelala palepale alipomlaza, vidole vimelegea. Amelia mpaka amechoka, maskini, Kasereka aliwaza, na roho ikamuuma.

Akaenda kupima. Kwa hesabu yake ilitakiwa elfu moja mia tisa. Kipimo kilisema elfu moja mia saba.

"Imepunguka mbio sana," alisema.

"Nimekamua, nimemwaga." Masika alikuwa akikunja upya pindo la kitenge chake. "Vile docteur alisema."

Kasereka akashusha pumzi. Angalau mmoja wao alikuwa na subira. Akaiandika namba, akarudi sebuleni na kipimo bado kinawaka mkononi, akamwinamia mtoto amfunike shuka.

Namba zikaanza kupanda.