Harufu Tamu Mdomoni mwa Binti

Mama Tangi alimwinamia binti yake aliyelala, akamnusa mdomo.

Tamu. Harufu ya matunda yaliyoiva yakapitiliza, na ukali kidogo kama wa dawa ya kufutia rangi ya kucha. Hii ilikuwa siku ya nne. Akajiinua taratibu, mkono kiunoni, akakaa ukingoni mwa kitanda. Mgongo ulikuwa unamuuma, na kazini hata hajaenda.

Aliyemtia wasiwasi ni shoga yake, mshonaji wa chumba cha pili.

"Mimi simo, shoga," alisema, pini amezibana midomoni. "Ila msichana wa miaka kumi na tano anayumba akitoka chooni, macho yamemzama, na harufu ndiyo hiyo? Siku hizi kuna pombe za matunda, ziko kwenye vichupa vizuri utadhani manukato. Shauri yako."

Mama Tangi alipekua mkoba wa shule, akainua godoro. Kichupa hakukiona. Aliona chupa za maji, tupu, sita. Akajiambia mtoto kawa mjanja, anakunywa maji kuua harufu.

"Unakunywa nini, wewe?"

"Maji, mama."

"Nakuuliza unakunywa nini!"

"Maji. Kiu haiishi, mama."

"Hiyo kiu naijua. Baba yako alikuwa nayo kila Jumapili asubuhi."

Binti hakubisha. Yeye, ambaye ukimwambia neno moja alikurudishia kumi, aligeukia ukutani akavuta shuka. Mama akaona huko ni kukiri. Akatoka, akafunga mlango kwa kufuli, ufunguo akautia kifuani.

Kazi yake ilikuwa kutunza konokono wa baharini kwenye jengo la watafiti, ndiko alikopewa hilo jina la Mama Tangi. Matangi kumi na mawili. Kila saa alitumbukiza kipimo, akasoma namba, akaiandika daftarini. Walishamweleza: bahari inafyonza moshi wa viwanda na magari, maji yanazidi kuwa ya asidi, na wao wanataka kujua hawa viumbe watavumilia mpaka wapi. Namba ikishuka, asidi imepanda. Baharini ni nane nukta moja. Tangi la mwisho, saba nukta sita.

"Usiidharau hiyo nukta tano, mama," mtafiti alipenda kumwambia. Alikuwa msichana tu, Mama Tangi angeweza kumzaa. "Hapo asidi imeshakuwa mara tatu."

Siku hiyo konokono wa tangi la mwisho walikuwa wameganda kwenye kioo, kimya.

"Leo wazima," alisema Mama Tangi.

"Wazima wapi!" Mtafiti alipiga mwayo, naye hakuwa amelala vizuri. "Hawa wanajila wenyewe. Chakula unawapa, wanamaliza, na bado wanakonda. Nguvu zote zinaishia ndani, kupigana na asidi. Ukiona kiumbe kimetulia hivi, usifurahi."

Mama Tangi akaandika namba. Mawazo yalikuwa kwenye kufuli.

Saa sita mchana simu ikalia. Mshonaji.

"Njoo. Nimechungulia dirishani. Anatapika, halafu anahema kama mtu aliyepanda mlima mbio."

"Mwache atapike. Imtoke yote."

"Shoga, njoo."

Alimkuta sakafuni. Alimwita, akafumbua macho, akayafumba. Aibu ilimshika Mama Tangi kabla ya hofu. Nesi akiinama tu atanusa. Atasema mama gani huyu, mtoto analewa machoni pake? Kwa hiyo kabla ya kutafuta gari alimkalisha mtoto, akampiga mswaki. Akaona haitoshi, akampiga mswaki tena. Akamvalisha gauni la heshima.

Hospitalini nesi aliuliza, "Ana nini?"

"Tumbo tu. Atakuwa alikula kitu kibaya."

"Tumbo, benchi la mwisho. Mtaitwa."

Wakakaa. Watu mbele yao walikuwa wengi, feni ilizunguka bila kuleta upepo. Binti alilaza kichwa begani kwa mama yake, jambo ambalo hakulifanya tangu akiwa darasa la nne. Alikuwa mwepesi. Mama Tangi alishangaa kwa jinsi alivyokuwa mwepesi.

"Maji, mama."

Maji hayakuwepo. Langoni kulikuwa na duka la soda, na si walisema sukari inakata pombe? Akachukua iliyo tamu kuliko zote. Binti aliinywa yote bila kupumua, akaomba nyingine. Mama akaenda, akarudi, akaenda tena.

Walipoitwa, saa mbili zilikuwa zimepita, na binti hakuweza kusimama. Manesi walimbeba. Wakamtoboa kidole, wakamchoma sindano mkononi, wakakimbia na damu. Mama Tangi alibaki mlangoni na chupa ya soda mkononi. Daktari alipotoka na karatasi, mama hakuweza kuendelea kuubeba ule uongo.

"Daktari, nisamehe. Si tumbo. Mwanangu anakunywa."

"Najua anakunywa. Maji, usiku na mchana, na kukojoa hakuishi. Sivyo?" Daktari hakuinua sauti. "Huyu hajaonja pombe, mama. Ni kisukari. Hiyo harufu ndiyo yenyewe. Damu yake imegeuka asidi."

Wengine wote humwomba daktari awaelezee neno hilo. Mama Tangi aliomba kuonyeshwa namba. Sita nukta tisa, na ya mtu mwenye afya, karatasi ilionyesha, ni saba nukta nne.

Daktari alikuwa ameshaacha kumtazama usoni. Alikuwa anatazama mkono wake.

"Hiyo soda, mama," aliuliza, "ni ya ngapi?"