Sauti Ndani ya Mashine Iliyofungwa

Siku hizo, kila kompyuta iliyotimiza miaka mitano ilijifunga yenyewe kwa mujibu wa sheria. Ya Bi Rukia ilijifunga Jumanne. Ndani yake mlikuwa na sauti ya mumewe, Mzee Sefu, aliyejirekodi akisimulia maisha yao kabla ugonjwa haujamfutia kumbukumbu. Bila kuisikia sauti hiyo, Sefu hakukubali kula.

Siku ya pili bila chakula, jirani yao Tatu, fundi mstaafu, alikuja na flashi ndogo kama ukucha.

"Humu mna Linux nzima, dada, mfumo huru wa kuendeshea kompyuta. Ni nyepesi. Mashine itawakia humu humu, isome mafaili yako bila kugusa kilichofungwa."

"Na sheria je?"

"Sheria imefunga programu ya watengenezaji. Mashine ni yako."

Tatu aliichomeka flashi na kubonyeza kitufe. Kompyuta iliyokwisha kuitwa mfu iliwaka upesi kuliko ilipokuwa mpya, na hata feni haikunguruma. Rukia alicheka kwa mshangao.

"Kidude hiki tu!" alisema.

Tatu akafungua faili. Sauti ya Sefu ikaeleza jinsi alivyompenda msichana aliyemshinda mbio shuleni. Sefu mwenyewe akatulia, akashika kijiko, akala uji wote.

"Huyu bwana anampenda sana mkewe," alimwambia Rukia kwa adabu, kama mgeni. "Mama, mfungulie bwana huyo mlango. Asikae nje."

Rukia akaenda, akaufungua.