Karatasi za Shabaha

"Leo sitaki karatasi za shabaha," mteja alisema. "Nipe risasi tu."

Zubeda, muuzaji wa duka hilo la bunduki, aliinua macho kumtazama. Alikuwa ameshazikunja zile karatasi na kuzifunga kwa mpira, kama afanyavyo kila Jumamosi kwa ajili ya jirani yake huyu wa mtaa wa Queensburgh. Tangu wateja wengine waanze kuagiza vifaa vya bunduki kwa kompyuta, jirani huyu ndiye aliyebaki kuja dukani bila kukosa. Jumatatu mkewe alifungasha nguo akaenda kwao, na mtaa mzima ulijua.

Boksi la risasi lilikuwa tayari juu ya kaunta. Zubeda akalifunika kwa kiganja.

"Bila karatasi utalenga nini, kaka?"

"Eish, dada! Kompyuta haiulizi maswali. Nitaagiza huko, na hapa sikanyagi tena."

"Agiza. Zitafika baada ya wiki tatu."

Mteja akaushika mkono wa Zubeda ili auondoe. Vidole vya mteja vilikuwa vya baridi, kucha zimetafunwa hadi nyama. Lakini hakuuvuta.

"Wiki tatu," alinong'ona, "siku zote hizo nitazimalizaje, dada?"