Pepo Kwenye Rafu ya Mama Mkwe

Pepo alikuwa amesimamishwa kwenye rafu ya sebuleni, kati ya Biblia ya familia na picha ya ubatizo, na alikuwa na sura ya Fundi.

Fundi aliganda mlangoni na keki yake mkononi. Macho yale meupe yalikuwa yake. Midomo iliyopakwa maji ya bitiruti ilikuwa yake. Hata mwanya wa meno ya mbele, ambao mchumba wake alisema ndio uliomnasa, ulionekana wazi pale kwenye kasha la DVD.

"Ingia, mbona umesimama?" Mchumba alimsukuma kwa kiwiko. "Mama haumi."

Fundi aliigiza siku moja tu, kabla hajajifunza kushona. Watu wa filamu walitafuta msichana anayeweza kugeuza macho yakabaki meupe, na yeye alikuwa na kipaji hicho tangu shuleni, alikokitumia kufukuza wavulana wasumbufu. Filamu iliitwa *Mgeni wa Madhabahuni*: mchungaji, kanisa la zamani, na pepo asiyetaka kutoka. Posa yake ya kwanza ilivunjika kwa sababu ya kasha hilo hilo. Mama wa yule kijana alisema hawezi kubembeleza wajukuu wa Ibilisi. Safari hii Fundi alifunga mdomo, na sasa alikuwa amekuja kuonwa na mama wa mwanamume anayempenda kweli.

Mama mwenyewe alitoka jikoni akifuta mikono, mwanamke mdogo wa mwili aliyeongea kwa kunong'ona. Mchumba alishamwandaa Fundi: mama hapandishi sauti, watoto wake wote aliwanyoosha kwa jicho tu. Kanisani alitunza majoho ya kwaya. Kuimba aliombwa kwa heshima apumzike, na nyumbani hakuna aliyejua sababu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Alimtazama, akamtazama tena. "Wewe nimekuona wapi?"

"Labda sokoni, mama. Nashona pale karibu na lango."

"Sokoni," mama alinong'ona, bila kukubali wala kukataa. Akapokea keki, akarudi nayo jikoni.

Mchumba alipoinama kufungua viatu, Fundi alirukia rafu, akalinyakua kasha na kulikalia kwenye kochi. Akatulia tuli kama kuku anayeatamia.

Mama alirudi na chai. Aliweka vikombe mezani, kisha akapapasa rafu. "Mgeni wa nyumba hii huangalia filamu yangu kwanza. Sasa imekwenda wapi?"

Walitafuta nyuma ya Biblia, wakatafuta chini ya televisheni. Mchumba alikuwa dereva wa malori, mtu wa mabega mapana, na alitafuta kwa uvivu wa mtu anayeomba isipatikane. Hatimaye akaona ncha ya kasha.

"Fundi, hebu inuka kidogo."

Kasha lilitoka limepinda.

"Nimeikalia kwa bahati mbaya," Fundi alisema.

"Hata mimi ningeikalia. Sijawahi kuvuka dakika za mwanzo." Diski ilipoanza tu kuzunguka, dereva alikuwa ameshasimama. "Ngoja nikatazame sufuria isije ikaungua."

"Sufuria iko salama," mama alinong'ona.

"Nitaitazama hivyo hivyo."

Basi wakabaki wawili. Fundi alijikaza kisabuni, akanywa chai asiyoisikia ladha. Kwenye kioo, mchungaji alifungua mlango wa kanisa, mishumaa ikazimika, na msichana mwenye macho meupe akasimama juu ya madhabahu.

"Sitoki!" pepo alinguruma. "Nyumba hii ni yangu!"

Ulikuwa mngurumo wa kutoka chini ya ardhi. Vijiko vilitikisika kwenye visosi. Fundi alimtupia mama jicho la pembeni, akamkuta amefumba macho, mikono imeshikana kifuani, midomo ikitembea bila sauti.

Anaomba, Fundi aliwaza. Anakemea pepo, na hajui pepo mwenyewe anakunywa chai yake. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Mwanamke huyu alimpokea vizuri, na yeye alikuwa anaanza ukwe kwa kukalia vitu.

"Mama," alisema, "huyo ni mimi."

Mama alifumbua macho. Alichukua rimoti, akazima televisheni. Chumba kikawa kimya hata mchemko wa sufuria ukasikika.

"Geuza macho."

Fundi aligeuza. Alipoyarudisha, mama alikuwa amesogea karibu, anamkagua mwanya.

"Nilikuwa binti mdogo, mama, na sikujua ingenifuata hivi. Kama hunitaki hapa nitaondoka, ila usimlaumu mwanao. Hajui lolote. Nampenda, ndiyo maana niliogopa kusema."

Mama alielekeza rimoti kwenye televisheni iliyozimwa. "Na ile sauti?"

"Sauti si yangu. Mwongozaji alisema yangu ni ya kifaranga, haitishi mtu. Baada ya mimi kuondoka wakatafuta mtu mwingine. Sikuwahi kumjua."

"Hukuwahi kumjua," mama alinong'ona.

Alinyanyuka, akachungulia upande wa jikoni, akausukuma mlango mpaka ukafungika. Alirudi akakaa, magoti yao yakagusana, akaushika mkono wa Fundi katikati ya mikono yake miwili. Akasafisha koo.

Vijiko vikatikisika kwenye visosi.

"Karibu nyumbani, mwanangu!"

Jikoni mfuniko wa sufuria ulianguka sakafuni.

"Mama!" dereva alilia nyuma ya mlango. "Nakuomba, zima hiyo filamu!"