Jina la Elkana

Mwaka uliopita Mama Elkana aliishia getini. Mwaka huu alijikaza akaingia kwenye uwanja wa stesheni, walikokusanyika jamaa za waliokufa katika ajali ya treni iliyoliza nchi nzima. Kila mmoja alilitaja jina la mpendwa wake kwa sauti, na umati ukaitikia, "Tunamkumbuka."

Zamu yake ilipofika, aliangua kilio kabla hajalitaja jina.

Mwanamke mgeni kwake, aliyevaa buibui, akamshika mkono. "Anaitwa nani, dada?"

"Elkana," alinong'ona. "Mwanangu."

Yule mwanamke akainua uso, akaita kama anayemwita mtoto wake mwenyewe aje kula: "Elkana!"

"Tunamkumbuka!"

Mama Elkana akahisi kifua kikimfunguka. "Mungu akubariki, dada yangu. Na wewe umempoteza nani?"

"Mume wangu, Shekue." Sasa ni yeye aliyeshindwa kuendelea.

Mama Elkana akajifuta machozi, akavuta pumzi, akaita kwa nguvu zake zote: "Shekue!"

Watu wakaitikia. Hata walipoanza kutawanyika, wanawake wale wawili walibaki wamesimama juani, hawajaachiana mikono.