Supu Moja, Vijiko Viwili

Mwalimu Shaweji alikosea, na mimi, msaidizi wake darasani, nilimuunga mkono: tulidhani neno la Kiingereza "eat" ni la kufundishwa dakika tano. Bibi Xiulan, Mchina mpika tambi, alilisoma siku tatu, tangu aletewe mjukuu yatima kutoka ng'ambo, anayejua Kiingereza tu na asiyegusa chakula.

"Kwa Kichina tunakula dawa, tunakula hasara..." akasema bibi.

"Hasara hata sisi tunaila, bibi!" nikadakia.

"Basi nitamwambiaje ale, isiwe amri?"

Mwalimu akakuna kichwa. "Ongeza 'with me'. Ale na wewe."

"Leo ndiyo umefundisha, mwalimu!"

Akabeba bakuli moja la supu na vijiko viwili, akaketi sakafuni nje ya chumba cha mjukuu.

"Please," akasema polepole. "Eat with me."

Harufu ya tangawizi ikapenya chini ya mlango.